Mikia ya Faili

Jumanne, 1 Septemba 2009

Chumba changu cha kazi kina dirisha moja, nalo linatazama ukuta. Bwana Walubengo, mkuu wa mradi, alinifungulia mwenyewe, akanionyesha kompyuta ikiwa bado ndani ya nailoni, akasema, "Madam, hapa hakuna mtu atakusumbua." Naona alisema kweli.

Kazi ni filamu moja ya kuwafundisha wakulima jinsi ya kuvuna, kukausha na kuhifadhi mahindi yasioze. Mpiga picha yuko Kitale, anaitwa Bramwel. Kila Alhamisi atanitumia diski kwa gari la vifurushi, nami nitahariri hapa Bungoma. Kitale ndiko nilikotoka mimi, na Bungoma ndiko kwao yeye. Tumebadilishana miji bila kuonana.

Duka letu la video za harusi pale Kitale lilifungwa mwaka jana baada ya vurugu za uchaguzi. Kang'ethe, mume wangu, alihamia Nyahururu, akaniambia nimfuate. Sikumfuata. Sijajua ni kwa nini.

Alhamisi, 3 Septemba

Diski ya kwanza imefika ikiwa imeviringishwa gazeti na kufungwa kwa kipande cha tyubu ya baiskeli.

Miaka yote nimehariri kanda. Kanda unaishika mkononi, unaandika jina ubavuni, unaiweka kabatini. Hata filamu ikiharibika, kanda ipo. Kamera hii mpya haina kanda. Inaandika kwenye kadi ndogo, na picha zimebanwa sana ili zienee humo, mpaka kompyuta ikizicheza inakwamakwama. Lazima kwanza nizigeuze ziwe za aina nyingine, nzito kwa ukubwa lakini nyepesi kuhariri, na kugeuza saa moja ya picha kunakula nusu ya siku. Huko Kitale kadi inafutwa na kutumika tena. Hakuna kabati. Kilicho kwenye diski ndicho kilichopo duniani.

Na huyu Bramwel hajui kuzima kamera. Mahojiano yakiisha anaishusha tu na kuendelea na maisha yake. Leo nimegeuza nyasi na viatu vya watu mpaka saa kumi.

Ijumaa, 4 Septemba

Nimemrudishia diski pamoja na karatasi. Nimeandika hivi: nakili folda nzima ya kadi jinsi ilivyo, usichague. Zile faili ndogo unazoona hazina maana ndizo zinazounganisha vipande virefu, na ukiziacha sauti inaruka. Ukimaliza, linganisha ukubwa wa faili za diski na zile za kadi. Zikilingana, futa kadi. Na mtu akimaliza kuongea, hesabu tatu, zima.

Sikuweka salamu.

Jumatatu, 7 Septemba

Mgao wa stima. Ilikatika saa tano, na kugeuza kukikatizwa kunaanza upya. Nimekaa nikitazama ukuta.

Jumatano, 9 Septemba

Ninapangisha chumba Kibabii, kwa mama mmoja anaitwa Phelista. Leo alibisha akiwa na sahani ya ugali wa wimbi na mboga ya mrenda.

"Nikuite mama nani?" aliuliza.

"Nyaguthii tu."

"Hakuna mtoto?"

"Hakuna."

Alisimama kidogo mlangoni. "Haya. Kula ikiwa moto." Nilipokea sahani, nikafunga mlango. Nadhani alitaka kujua mimi ni mtu wa wapi na ninafanya nini huku, na jina langu limeshamwambia nusu.

Alhamisi, 10 Septemba

Folda iko kamili, jinsi nilivyoagiza. Sauti haijaruka popote. Lakini kuzima bado hazimi.

Jumanne, 15 Septemba

Kang'ethe alipiga simu. Tuliongea juu ya mvua.

Alhamisi, 17 Septemba

Nimeamua kuviita mikia vile vipande vya mwisho, kamera ikiwa imesahauliwa. Kawaida ninavikata kabla ya kugeuza ili nisijaze diski. Leo nilikuwa nakula chapati na mikono ilikuwa na mafuta, nikauacha mkia mmoja ucheze.

Mkulima tunayemfuata ni Mama Jerono, mjane mwenye shamba upande wa Cherang'any. Kamera ilikuwa chini, inaonyesha ndoo na mguu wa kuku. Nikamsikia Bramwel akimsomea karatasi yangu.

"Huyu madam ni mkari, mama. Ati hesabu tatu, zima."

"Pengine ana njaa," Mama Jerono alisema.

"Watu wa komputa wanakula?"

"Si ni watu."

Nilicheka kwa sauti. Nilishtuka kuisikia, kwa sababu chumbani humo hamjawahi kuwa na sauti yangu.

Jumatatu, 21 Septemba

Karatasi ya leo nimeianza na "Hujambo Bramwel." Nimemwambia pia asimweke mama dhidi ya mwanga wa mlango, uso unakuwa mweusi. Kuhusu kuzima kamera sikuandika chochote.

Alhamisi, 24 Septemba

Uso wa Mama Jerono sasa unaonekana vizuri, hata mikunjo ya pembeni mwa macho. Baada ya somo la kuangalia kama mahindi yamekomaa, mkia huu:

"Umekula, kijana?"

"Nitakula nikifika."

"Nani amekupikia?"

Nyuma yao mbuzi analia. "Jiko," Bramwel alisema, na wote wawili wakacheka, yeye akimaliza mapema kidogo kuliko mama.

Huo mkia nimeugeuza wote na kuuweka kwenye folda ya pembeni. Hauna kazi kwenye filamu.

Jumanne, 29 Septemba

Mgao tena. Sasa nimejifunza kugeuza vipande vifupi vifupi, stima ikikatika nipoteze kimoja tu.

Alhamisi, 1 Oktoba

Diski imechelewa. Nilienda stendi mara mbili kuuliza. Kijana wa vifurushi alisema, "Madam, kwani ni dawa?"

Ijumaa, 2 Oktoba

Imefika. Mvua iliwafungia ndani, wakakaa jikoni kwa Mama Jerono wakingoja. Bramwel hakuzima. Hakuna picha yoyote, giza na cheche tu, lakini mvua inasikika juu ya mabati na mama anasimulia vile mumewe alivyokuwa anaogopa radi. Nilisikiliza mkia wote, kisha nikaurudia.

Ninamwazia kijana mnene kidogo, wa kama miaka thelathini, mcheshi. Ananiita madam editor, na r na l zake zinabadilishana viti zinavyotaka.

Alhamisi, 8 Oktoba

Phelista alileta viazi vitamu. "Leo unakaa umefurahi," alisema. Nikamwambia ni kwa sababu ni Alhamisi. Alinitazama kama mtu anayengoja sentensi iendelee, nami sikuiendeleza.

Jumatano, 14 Oktoba

Mvua. Bwana Walubengo ana wasiwasi. Mahindi yamekauka shambani lakini hakuna siku mbili za jua zinazofuatana. Mavuno ya Mama Jerono yamepangwa Jumanne ijayo, sikukuu ya Kenyatta, kwa sababu shule zimefungwa na majirani wote watakuja kusaidia. Ndiyo moyo wa filamu: kuvuna, kupukuchua, kupima mahindi yaliyokaushwa kwa njia mpya na yale ya zamani. Haiwezi kurudiwa.

Alhamisi, 22 Oktoba

Naandika usiku.

Diski ilifika saa nne. Folda iko kamili. Faili zote zipo, kila moja na jina lake, na ukubwa unaofaa, vile vile tulivyozoea. Nikafungua ya kwanza. Skrini nyeusi. Ya pili nyeusi. Nikazipitia zote, moja baada ya nyingine. Nikafungua moja kwa programu inayoonyesha maandishi ya ndani, nikaona sifuri tupu zikishuka ukurasa baada ya ukurasa. Faili ilikuwa imetengewa nafasi yake yote kwenye diski, lakini hakuna kilichomwagwa ndani.

Nilimpigia Bramwel. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumpigia, na nikaanza hivi: "Stima ilipotea ukinakili?"

"Ndio, madam. Ilipotea, na laptop betri yake ni mbaya, ikazima. Nikawasha, nikaangalia. Ukubwa ulikuwa sawa. Si uliandika tulinganishe ukubwa?"

"Kadi iko wapi?"

"Nilifuta. Bwana Walubengo alisema jana wageni wa mradi wanakuja Kitale, nipige picha zao. Ile kadi ingine imevunjika."

"Umepiga nyingi?"

"Kidogo tu. Wakisalimia watu. Madam, kuna shida?"

Nikamwambia atoe kadi kwenye kamera, aiweke bahashani, mtu asiiguse. Sauti yake ilikuwa ile ile ya kwenye mikia, lakini haikuwa na kicheko ndani.

Bwana Walubengo alikuwa ofisini akinywa chai. Nilimweleza. Aliweka kikombe chini polepole.

"Huyo jamaa anaenda nyumbani," alisema. "Leo. Nilimpa kazi kwa kuhurumia, bana. Mavuno ya mwaka mzima!"

"Alifuata karatasi yangu."

"Karatasi gani?"

"Nilimwandikia alinganishe ukubwa, halafu afute. Nilitakiwa kumwambia afungue kila faili aiangalie. Nilijua hivyo. Niliona ukubwa unatosha, kwa sababu ilikuwa rahisi kuandika."

"Madam, usimbebee mzigo."

"Simbebei. Ni wangu. Ukimfukuza mtu, nifukuze mimi."

Alinitazama kwa muda, nami nikaona sijawahi kumtazama vizuri. Ni mzee. Macho yake yamechoka. "Hata mimi ndiye niliitisha picha za wageni," alisema mwishowe, kama anayeongea na kikombe. Kisha: "Inaweza kurudi?"

Nilimwambia kwamba kufuta kadi ni kama kung'oa vibao vya majina milangoni. Watu bado wamo ndani mpaka wengine wahamie. Wageni wake wamehamia vyumba vya mbele. Sijui ni vingapi.

"Enda Kitale," alisema.

Jumamosi, 24 Oktoba

Sikuwa nimefika Kitale tangu mwaka jana. Duka letu sasa linauza mbolea. Sikusimama.

Bramwel ana studio ndogo ya picha za pasipoti karibu na Kipsongo, ukutani amechora maporomoko ya maji kwa rangi ya bluu. Nilimpita mlangoni nikimtafuta kijana mnene. Aliyenifuata ndani ni mwanamume mwembamba wa zaidi ya hamsini, mvi kichwani, shati limepigwa pasi mpaka kola inakata. Mama Jerono anamwita kijana kwa sababu yeye mwenyewe amemaliza sabini.

"Ni wewe?" alisema.

"Ni mimi."

"Nilifikiri ni mama mzee. Ile mwandiko."

Akanipa kiti, akabaki amesimama. Bila kamera mikononi hakuwa na mahali pa kuiweka mikono yake.

Nilikuwa nimebeba programu ya kuokoa faili, niliyoitumia enzi za harusi. Ilianza kupekua kadi. Tulitazama mstari ukisogea. Aliniletea chai, akaniuliza kama ninaweka sukari, nikasema naweka. Nilijua mambo mengi juu yake: kwamba anakula peke yake, kwamba anaogopa jogoo wa Mama Jerono, kwamba huimba nyimbo za kanisani akikunja waya. Yeye alijua tu kwamba nataka uso uwe kwenye mwanga.

Vyumba vya mbele vyote vilikuwa vimeharibika. Kuvuna, kupukuchua, kupima: hakuna. Wageni wakisalimiana wamekaa juu yake. Lakini vipande vya mwisho vilianza kutokea kimoja kimoja, vya jioni ile, kazi ikiwa imeisha. Wanawake wakinawa mikono. Watoto wamelala juu ya magunzi. Mama Jerono akichukua punje, akiiuma kuona kama imekauka, nayo inalia ka! Anampa Bramwel naye aume, na Bramwel anapiga kelele, "Jino langu, mama!"

Tulicheka, yeye amesimama nyuma ya kiti changu. Kwa muda mfupi ilikuwa kama niko ndani ya mkia.

Kipande kilichofuata kilikuwa cha nyasi tu, kamera imewekwa chini. Sauti ya Mama Jerono: "Tafuta bibi, kijana. Nyumba bila mtu inakula mwenye nyumba."

Na sauti ya Bramwel: "Niko sawa, mama. Kuna ile karatasi ya madam. Ikifika naisoma, halafu naisoma tena."

Nilikimbilia kitufe cha kusimamisha, lakini nilikuwa nimechelewa. Maporomoko ya bluu yalikuwa kimya ukutani. Sikugeuka.

"Hizi zote huwa unasikia?" aliuliza.

"Nasikia."

"Tangu lini?"

"Septemba."

Alitoka, akasimama mlangoni akitazama barabara. Aliporudi alikuwa ameshika bahasha ya kadi. Aliniomba msamaha. Yeye! Akasema atakuwa mwangalifu. Nilitaka kumwambia asiwe. Nilisema, "Asante kwa chai."

Jumapili, 25 Oktoba

Sikuenda kanisani. Sikuenda popote.

Alhamisi, 29 Oktoba

Diski mpya. Somo la kupanga magunia juu ya mbao. Picha safi, mwanga mzuri, kila faili amefungua akaikagua na kuandika "nimeona" kwenye karatasi. Kila kipande kinaisha mtu akifunga mdomo. Moja, mbili, tatu. Kimya.

Alhamisi, 5 Novemba

Vivyo hivyo.

Jumanne, 10 Novemba

Nimejaribu kuhariri bila mavuno. Hakuna uzani, hakuna kulinganisha, hakuna hesabu ya kuwaonyesha wakulima. Kuna bibi mmoja anayeuma punje. Nimeiweka yote, pamoja na jino la Bramwel, na ghafla filamu inajua inachosema: ukiuma na isilie, usiweke ghalani. Hilo ndilo somo. Tulikuwa tumelizungusha kwa mizani na chati.

Alhamisi, 12 Novemba

Diski kamilifu tena. Karatasi yangu nimeiandika mara nyingi na kuichana. Niliyotuma inasema: kazi nzuri.

Jumatano, 18 Novemba

Bwana Walubengo aliitazama filamu yote bila kugusa chai yake. Mwisho akasema, "Toa hiyo sauti ya cameraman. Si ya kitaalamu."

"Ukiitoa, mama anaongea na hewa."

"Watu watacheka."

"Watacheka," nilisema, "na watakumbuka."

Alijikuna kidevu. "Wewe ni mkali kweli, madam. Wacha ikae."

Jumapili, 22 Novemba

Phelista alinikuta nikifua. Aliketi kwenye kijiwe bila kukaribishwa, akaanza kunisuuzia. Baada ya muda akasema mumewe alifia Nairobi, na kwamba mwaka wa kwanza alikuwa anafunga mlango watu wasimwone akikaa bure. "Nilikuona ukifunga, nikajua," alisema. Miezi yote hii nimedhani ananichunguza. Nilimwambia juu ya Kang'ethe. Nilimwambia juu ya diski pia, kidogo. Alikamua shati mpaka likawa kamba.

"Si umwambie?"

"Nimwambie nini?"

"Sijui. Mimi sijui komputa."

Jumamosi, 28 Novemba

Tumeonyesha filamu Kimilili, kwenye ukumbi wa kanisa, madirisha yamezibwa kwa magunia ili mchana uwe giza. Bramwel ndiye aliyesimamia projekta. Tulisalimiana kwa mkono. Mama Jerono aliletwa kutoka kwake, akaketi mstari wa mbele na mkoba magotini. Ni mfupi kuliko nilivyodhani.

Sikujua kama nitaweza kutazama. Nilitazama watu. Walisikiliza habari za turubai na mbao kwa adabu, kama watu wanaosikiliza tangazo. Kisha ile punje ikalia ka! na ukumbi ukainuka. "Jino langu, mama!" Walicheka mpaka wakapiga benchi. Mzee mmoja alitoa punje mfukoni, akaiuma palepale, akatikisa kichwa kwa huzuni, wakacheka upya.

Bramwel alikuwa amesimama nyuma ya projekta, mwanga ukimpiga kidevuni. Hakucheka. Alikuwa anasikiliza watu wakimsikiliza.

Tulipokuwa tunakunja shuka la skrini, yeye upande huu na mimi upande ule, alisema, "Uliacha sauti yangu."

"Niliiacha."

"Ungeniuliza."

"Ungekataa."

"Ningekataa," alikubali. Tukakutanisha pembe za shuka. Vidole vyake vilikuwa baridi. "Lakini ungeniuliza."

"Ni kweli," nilisema. "Nisamehe. Kwa hili, na kwa kusikiliza."

Alilichukua shuka lote, akalikunja tena mara ambayo haikuhitajika. Mama Jerono aliita kutoka mlangoni kwamba gari linaondoka, naye akaenda.

Ijumaa, 11 Desemba

Mkataba unaisha leo. Agizo la Bwana Walubengo: hifadhi filamu iliyokamilika na vipande vilivyotumika, mara mbili, kwenye diski mbili, zikae nyumba mbili tofauti. Vingine vyote futa, diski inahitajika kwa mradi wa maziwa.

Ile folda ya pembeni ni ndogo kuliko nilivyodhani. Ningeweza kuinakili, hakuna ambaye angejua. Nilisikiliza mvua ya jikoni kwa mara ya mwisho. Hawakuwa wananisimulia mimi. Nikafuta, kisha nikaandika juu yake mpaka programu ya kuokoa isingeweza kupata kitu. Nilikaa mpaka mashine ikapoa.

Bwana Walubengo alinisindikiza hadi kwenye geti akiwa ameshika mwavuli, na hakuwa na haraka.

Jumatatu, 14 Desemba

Simu saa tatu asubuhi, nikiwa na Phelista tukichambua mboga kwake.

"Madam, ni Bramwel."

"Nakujua."

Nikasikia pikipiki ikipita upande wake, na mtu akiuza nyanya.

"Kuna harusi Jumamosi, hapo chini ya Kimilili. Ni kwa shamba, kutakuwa na matope. Nataka mtu wa kushika sauti, ile maiki."

"Mimi ni mhariri, Bramwel. Sijawahi kushika sauti."

"Najua." Alikohoa. "Lakini wewe unasikia vizuri."

Phelista alikuwa ameacha mboga kabisa. Nilijiuliza kama Bramwel anatania au bado ana uchungu. Kwa sauti peke yake sikuweza kujua. Itabidi nimwone uso.

"Harusi inaanza saa ngapi?" niliuliza.

Alasiri nilienda sokoni Bungoma mvua ikinyesha, nikanunua gambuti za kukanyagia matope. Zinanibana kidogo kwenye kidole gumba. Nimezivaa nyumbani jioni nzima zilegee kabla ya Jumamosi.